Kidoti Changu Kimepanda Lori

Ukiwa unaunda baiskeli na bado unakwenda kushindana nazo, huna pa kujificha. Race Around Rwanda ni mashindano ya baiskeli ya takriban kilomita 1,000, Kigali hadi Kigali, kila mtu na mzigo wake, kuletewa msaada marufuku. Halafu unafungiwa kifaa kinachokuonyesha kwenye ramani ya intaneti, kidoti tu, dunia nzima ikuone. Familia hufuatilia vidoti kwa mapenzi. Wateja wangu wa Nakuru hufuatilia changu kwa madai.

Mzee mmoja alikuwa amelipa nusu ya bei ya baiskeli ya mwanawe. Alinipigia saa kumi na mbili alfajiri ya Kenya, yaani saa kumi na moja ya Rwanda, nimejikunyata barazani pa duka kando ya Ziwa Kivu.

"Kijana, naona umelala."

"Napumzika kidogo tu, mzee."

"Tangu usiku wa manane? Na fremu yangu, imeshapakwa rangi?"

Nikaamka, nikakanyaga pedali. Hakuna kocha anayeweza kazi ile.

Kufika Musanze nikasimama kunywa chai, baiskeli nikaiegemeza kwenye magunia ya viazi. Viazi ndiyo biashara ya huko, na vijana wa kupakia hawana mchezo. Kamba ya kifaa ikanasa kwenye gunia, gunia likarushwa ndani ya lori, lori likashika lami ya Kigali. Mimi huyo, chapati mdomoni.

Jumbe zikaanza kumiminika. "Hongera, umewapita wote!" "Mlima wote ule hata hujapunguza mwendo?" Jamaa mmoja aliyekuwa akinizungusha kuhusu bei miezi na miezi akaandika: "Niundie kama hiyo yako. Ileile." Pesa ikafuata papo hapo. Mwenye kampuni ndani yangu akatabasamu. Mshindani akaanza kutokwa jasho, maana kupanda gari kunakutoa mashindanoni. Nikawapigia waandaaji. Wakacheka kwanza, ndipo wakauliza namba ya lori. Nani aliiangalia?

Simu ikaita tena. Mzee.

"Kijana, uko wapi?"

"Hebu niangalizie wewe, mzee. Bando langu limeisha."

"Uko Shyorongi. Unateremka Kigali, tena kwa fujo."

"Hapana, niko Musanze. Nakunywa chai."

Kimya kirefu.

"Sasa kama wewe mwenyewe umejipoteza," akasema, "baiskeli yangu nani anajua ilipo?"