Shantel, Namba 33

Mimi huuza mitumba ya watoto katika soko la Kibuye, Kisumu, na Jumapili ndiyo siku yangu kubwa. Nawaambia hivyo mapema mjue kwamba mimi si mtu wa upuuzi, kwa sababu mnakaribia kusikia upuuzi nilioufanya kwa wiki saba mfululizo.

Ulianzia kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa. Chai imemiminwa, pesa hazijahesabiwa, mwenzetu mmoja akaleta habari ya msichana aliyekuwa akichati na "kijana wa kidato cha nne" wa Nakuru. Siku ya kuonana, kijana akashuka kwenye matatu akiwa na kipara, ndevu za mvi, na mkono mmoja umeshika kiuno. Sijui ni kweli kiasi gani. Habari za chama kila anayeshika mwiko huongeza chumvi yake. Lakini usiku ule nililala macho wazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, Facebook inaruhusu kuanzia 13, kwa hiyo hata kanuni za wenyewe hazikuwa upande wangu. Na baba yao hana msaada. Yeye ana kabambe yenye tochi, betri imefungwa kwa raba, na akisikia neno mtandao anadhani ni wa buibui.

Nikaamua: kama wazee wanajifanya vijana, nami nitajifanya kijana niwatangulie.

Jirani na kibanda changu kuna kijana anayeuza vifuniko vya simu. Nikampa shilingi 50 anifungulie akaunti.

"Jina, mama?"

"Shantel."

Akaniangalia, akaangalia leso yangu, akaangalia robota la soksi nililokalia. "Sawa, Shantel," akasema, na tangu siku hiyo hajaniita jina lingine.

Picha ndiyo iliyonisumbua. Kuchukua ya mtoto wa mtu niliogopa. Nikaokota pakiti ya nywele za kusuka ambayo binti yangu alikuwa ameitupa, ile yenye mrembo upande wa mbele, nikaipiga picha. Shingo kama twiga, meno yote yapo, rasta hadi kiunoni. Sikuona kwamba pale kwenye kona kulikuwa na namba ya rangi ya nywele: 33.

Ombi langu la urafiki kwa mwanangu lilikubaliwa kabla sijageuza ugali.

"Niaje Shantel. Hiyo 33 ni ya nini?"

Jasho likanitoka. "Ni namba yangu ya shule."

"Poa. Form ni gani?"

"Form Two," nikajibu.

Nyuma ya ukuta nikasikia mtu akikohoa kama aliyepaliwa na maji. Ni juzi tu nimefahamishwa kwamba "form ni gani" ni kuulizwa mipango, hakuna anayetaka kujua darasa lako. Akaandika tena: "Rada?" Nayo kumbe ni kuulizia hali tu. Nikamwambia uwanja wa ndege uko mbali sana na kwetu. Kikohozi kikazidi. Nikampelekea maji ya moto na tangawizi, maskini mtoto.

Hamjui karaha ya kuchati na mtu mliyetenganishwa naye na ukuta wa mabati. Nabonyeza jikoni, chumbani simu inalia: tii! Kuna usiku nilipaza sauti, "Zima simu ulale, kesho shule!" kisha nikaketi na kumwandikia, "Mbona umenyamaza?"

Wiki ya pili akaanza kunisimulia habari za mama yake. "Mamangu ni mtu mzuri," akaandika, "ila sauti yake ni mashine ya kusaga unga." Nilitaka kuvunja ule ukuta. Lakini Shantel hana mtoto, angekasirikia nini? Nikajikaza, nikaandika, "Huenda anakupenda tu." Akajibu kwamba mapenzi anayaona, asichokiona ni nyama. Omena Jumatatu, omena Jumanne, omena na babu yake omena Alhamisi.

Basi mimi nikaona nimepata dirisha la kuchungulia moyo wa mwanangu. Ijumaa nikachinja jogoo. Akaandika kwamba raba zake zinacheka mbele. Jumapili nikamchagulia jozi safi kutoka kwa mwenzangu wa viatu pale Kibuye. Akaandika kwamba dada yake naye anaonewa zamu ya vyombo. Nikatoa amri mpya ya vyombo. Nikatembea sokoni nikiwaambia wenzangu kwamba siku hizi naelewana na wanangu bila hata kuongea.

Wiki ya tano akaomba namba: "Nikutumie kitu kidogo kwa M-Pesa, Shantel." Nikampa ya laini yangu ya pili, asiyoijua. Nikangoja hadi saa tano usiku. Hakuna kilichoingia. Nikasonya: mchoyo kama baba yake.

Halafu ukaja ujumbe niliokuwa nikiuogopa. "Tuonane Dunga, pale ufukweni, Jumamosi saa sita." Na Ijumaa jioni kijana akaja jikoni, mikono nyuma, sauti ya malaika. "Mama, naomba mia nane. Tuna safari ya Jiografia."

"Mnaenda kuona nini?"

"Ziwa."

"Ziwa? Wewe uliyebatizwa ndani yake?"

"Tunaenda kulipima, mama."

Nikampa. Ndiyo, nilimpa, maana nilikuwa nimeshapanga hotuba. Ningemkuta ameketi peke yake akimsubiri mrembo, nitokeze, nimwambie: unaona? Ningekuwa mzee wa kipara je? Niliifanyia mazoezi kwenye boda hadi mwendeshaji akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Dunga nikajitanda leso kichwani, nikajificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Kijana wangu huyu hapa. Lakini hakuwa peke yake. Kando yake ameketi dada yake, mezani ngege wawili wa kukaanga, ugali wa kutosha harambee, na kiti cha tatu kimevutwa tayari.

"Shantel!" akaita bila kugeuka. "Toka huko, samaki anapoa."

Nilitoka. Ungefanyaje?

Pakiti ile, wakanieleza, binti yangu aliitambua siku ya kwanza, kwa sababu namba 33 ilikuwa kichwani mwake wakati huohuo, amesukwa. Hata hivyo walitaka hakika. M-Pesa ukiweka namba hukuonyesha jina la mwenyewe kabla ya kutuma, na laini husajiliwa kwa kitambulisho. Jina langu likatokea kwenye simu ya mwanangu, akaghairi, pesa zake zikabaki.

"Kwa hiyo jogoo?" nikauliza.

"Tuliagiza," akasema binti.

"Raba?"

"Tuliagiza."

Shantel alikuwa amegeuzwa sanduku la maoni.

Binti, anayesoma kompyuta shuleni na hajui kunyamaza, akanikumbusha kwamba kuna sheria ya 2018 ya uhalifu wa mitandaoni, na kwamba kutumia utambulisho wa mwingine kwa udanganyifu ni faini ya hadi shilingi 200,000, au miaka 3 ndani, au vyote viwili. Nikamwambia mwenye uso ule ni pakiti, na pakiti haijawahi kwenda polisi. Hotuba yangu niliianza mara mbili. Mara zote mbili wakacheka, ya tatu nikacheka mimi. Kisha bili ikaja, wakaisukuma upande wa Shantel.

Usiku ule nikaketi jikoni niifunge akaunti. Kulikuwa na ujumbe mpya, kutoka kwa mtu asiye na picha.

"Hujambo binti Shantel. Mimi ni mzee wa makamo, nina watoto wawili na mke mmoja. Nasikia wewe husaidia watu. Mke wangu huyu tangu Pasaka anatia chumvi nyingi kwenye omena. Nitamwambiaje?"

Nikausoma mara tatu. Nikaandika, "Zima simu ulale," nikabonyeza.

Sebuleni simu ikalia. Haikuwa ile kabambe. Ulikuwa mlio mtamu, wa simu ya bei, ambao sijawahi kuusikia ndani ya nyumba yangu.

Nikazima jiko, nikajifunga leso vizuri, nikaenda.