Ngariba Anayesema "Leo Hapana"

Neno ngariba limechafuka. Ukilikuta gazetini siku hizi, mara nyingi ni habari ya mtu aliyekamatwa kwa kukeketa mabinti, na kukamatwa kwake ni haki. Lakini mimi nimekulia pwani, ambako ngariba alikuwa mzee wa heshima aliyetahiri wavulana. Kwa hiyo niliposoma habari za mohel, yaani ngariba wa Wayahudi, sikupata tabu kumtambua.

Kwao mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya 8, kama Ibrahimu alivyomfanyia Isaka, hata siku hiyo ikiangukia Sabato. Wajibu ni wa baba. Asiyeweza humkabidhi mohel kisu, naye hutahiri kwa niaba yake. Mtoto hulazwa mapajani mwa mtu anayeitwa sandek, na kiti kimoja huachwa wazi kwa ajili ya Nabii Eliya. Kisu cha kimila kina makali pande zote mbili, ngariba asije akakishika kinyume akamtesa mtoto kwa upande butu.

Kinachonivuta zaidi ni mamlaka yake ya kukataa. Mohel makini huenda kumwona mtoto kabla ya siku yenyewe. Humfungua nguo, humtazama macho, humbonyeza ngozi kwa kidole na kuangalia rangi inayorudi. Akiona umanjano, shughuli inaahirishwa, hata kama chakula kimeshapikwa na wajomba wameshafika. Mtoto aliyeugua mwili mzima husubiriwa apone, kisha zinahesabiwa siku 7 kamili.

Mwanangu wa kwanza alitahiriwa akiwa na homa, kwa sababu siku ilikuwa imeshapangwa na hakuna aliyethubutu kusema tungoje. Mimi pia nilinyamaza. Alipona, alhamdulillahi, ila usiku ule sijausahau. Ndiyo maana visa vya Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, juu ya jambo hili nimevisoma tena na tena.

Kuna mama aliyekuwa amepoteza watoto wawili kwa tohara, akampeleka wa tatu kwa Rabi Nathan. Rabi akamwona mtoto ni mwekundu, akasema msubirini mpaka damu itulie mwilini. Wakasubiri, mtoto akaishi, wakampa jina la huyo Rabi.

Kisa kingine ni cha ndugu wanne wa kike wa Sepphoris, huko Galilaya. Wa kwanza alimtahiri mwanawe, mtoto akafa. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo. Wa nne akaenda kwa Rabani Shimon ben Gamliel, naye akamwambia asimtahiri. Hebu fikiria: watoto wale hawakuwa wa baba mmoja, lakini wazee wale waliona kwamba hatari inafuata damu ya upande wa mama. Leo daktari angeshuku himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda. Hiyo ilikuwa karne ya 2! Karne ya 12 Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi, akaliweka wazi: tohara inaweza kufanywa baadaye, lakini uhai ukishatoka haurudishwi.

Kwa sababu hiyo hiyo kuna jambo moja linaniuma. Baada ya kukata, desturi ya zamani ilimtaka mohel afyonze damu kwa mdomo, kwa imani kwamba kufanya hivyo kunaliponya jeraha. Wengi sasa hutumia mrija wa kioo au pamba, na marabi wakubwa waliliruhusu hilo tangu karne ya 19. Bado wapo wanaoshikilia mdomo. Jijini New York, kati ya 2000 na 2011, watoto 11 waliofyonzwa hivyo, au waliodhaniwa kufyonzwa hivyo, walipata virusi vya herpes, na wawili wakafa. Mwaka 2012 jiji likaagiza wazazi watie saini fomu ya ridhaa. Mwaka 2015 sharti hilo likaondolewa.

Naiheshimu mila hii, na sidhani serikali yoyote ina haki ya kuifuta. Lakini ngariba anayeinamisha mdomo wake kwenye jeraha la mtoto wa siku 8, nataka anijibu: yule Rabani aliyemrudisha nyumbani mama wa nne, mtoto wake akiwa mzima mikononi, angemruhusu?