Vioo vya indiketa vinaendaga wapi?

Hivi wenzangu mnaoendesha pikipiki za Boxer hapa Dar, vioo vyenu vya indiketa huwa vinaenda wapi? Sizungumzii taa nzima, nasema kile kiplastiki cha rangi ya chungwa tu kinachofunika balbu. Unalaza chuma usiku vipo vinne, asubuhi vitatu, ukiuliza kijiweni hakuna aliyeona kitu, wote malaika.

Mi nawajua wabaya wangu, skrubu na abiria. Kioo kizima kimeshikwa na skrubu moja, moja jamani, ukiikaza sana plastiki inapasuka pale kwenye tundu, ukiiacha legelege injini inatetemesha, matuta ya Mbagala yanamalizia, inajifungua taratibu mpaka kioo kinadondoka huko wala husikii. Abiria sasa, kuna wanaoifanya indiketa ya nyuma ngazi, ukimwambia dada angalia taa hiyo anakujibu kwani taa ndo inaendesha?

Haya, Kariakoo. Namwambia dogo wa dukani nataka kioo kimoja, nyuma kulia. "Kaka hatuuzi kioo, tunauza indiketa kamili, tena pea." Yaani balbu yangu nzima, waya mzima, shingo yake ya mpira nzima, ninunue taa mbili kwa ajili ya kiplastiki? Duka la pili akaniuliza orijino au ya kawaida, akataja bei ya orijino, nikasema ya kawaida kwa adabu zote. Kufika nyumbani tundu la skrubu halilingani, limekaa juu kidogo, na rangi yenyewe siyo chungwa, ni ukwaju. Fundi akasema tupige supagluu, tukapiga. Siku balbu ikiungua sijui tutafungulia nini, labda nyundo.

Na huwezi kusema ngoja nitembee hivyohivyo. Bila kioo balbu inawaka nyeupe, wa nyuma anadhani napigwa picha. Mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye kikombe cha balbu, kinashika kutu, taa hiyo inakufa, halafu ile ya mbele ya upande uleule inaanza kupepesa mbiombio kama mdaiwa aliyekutana na mwenye duka.

Hapo afande hajakuona. Afande haangalii tairi wala breki, anazunguka nyuma ya pikipiki moja kwa moja, kainama, "indiketa iko wapi kijana?" Ni kweli mwaka 2021 faini za bodaboda zilishushwa toka elfu 30 mpaka elfu 10, tunashukuru, ila hiyo elfu 10 ndo hesabu ya bosi, na bosi hapokei stori za kioo.

Kinachoniua zaidi, uhangaike kote huko, taa ziwake zote vizuri, uwashe ya kulia, na daladala ikupite hukohuko kulia inapiga honi. Mjini hapa wanaamini mkono wa abiria tu. Na abiria wenyewe ndo hawa, juzi nakata kushoto, mama niliyembeba kautoa mkono wa kulia wote nje anapunga, magari yamesimama, watu wanatukana, nikamuuliza mama vipi tena mbona tunaenda kushoto, akasema wee endesha tu mwanangu, namsalimia shemeji yangu yule pale.