Wiki ya nne ndiyo yenyewe

Ndugu mwandishi, asante kwa kutukumbusha Cory Booker, aliyekula kwa bajeti ya SNAP, msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, kwa wiki nzima Desemba 2012 akiwa meya wa jiji la Newark. Kama dola 30 tu. Nampongeza kwa moyo wote.

Ila mimi nimeishi kwa kadi ya SNAP. Tulipofika Ohio kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa na wanangu watatu, ndiyo iliyotulisha. Kadi hujazwa mara moja kwa mwezi. Wiki ya kwanza kulikuwa na kuku, maziwa, hata machungwa. Wiki ya nne ni wali na maharage, na mama anasema ameshakula kazini. Wanangu walikua wakiamini sipendi nyama. Anayejaribu kwa siku 7 hafikii wiki hiyo.

Tena kadi hainunui sabuni wala nepi. Kuku wa moto aliyeokwa pale dukani hainunui pia, hata kama umetoka zamu ya usiku na mtoto anasubiri.

Kambini mgawo ukipungua tulijua wote, foleni ilikuwa moja na jirani aliweza kukukopesha kikombe cha unga. Huku kila mtu anaificha njaa jikoni kwake. Hilo liliniumiza kuliko wali mkavu.

Viongozi wakijaribu tena, naomba waanze tarehe 22, jokofu likiwa na vitunguu viwili, na watoto wakiuliza leo tunakula nini.