Kalamu Nayo Ina Arubuni

Jirani na nyumba ninayoishi, katika mtaa wa Langoni hapa Lamu, iko karakana ya fundi wa nakshi. Mteja akija kuagiza mlango, fundi humuuliza kipimo, aina ya mbao na nakshi aipendayo, humtajia bei, kisha humwambia kwa upole kwamba arubuni ni nusu, kwa kuwa mbao hainunuliwi kwa ahadi. Sijapata kumwona mteja aliyechukizwa na maneno hayo. Lakini mteja huyohuyo akinijia mimi kutaka tungo la arusi ya bintiye, nikitaja pesa hunitazama kana kwamba nimemtoza nauli kwa kumwonyesha njia.

Naishi kwa kalamu, bila mwajiri, na huu ni mwaka wa tisa. Nimetafsiri vijitabu vya afya, nimeandika maelezo ya nyumba za wageni za Shela, na nimewaandikia wahariri wa Nairobi wanaolipa kwa idadi ya maneno. Kusi ikianza kuvuma na masika ikishuka, nyumba nyingi za wageni hufungwa, na kazi yangu nayo hupungua hadi wageni warudi. Hilo nimelizoea, kwani wavuvi nao wana miezi yao ya kungoja. Nisilolizoea ni kufanya kazi ikakamilika, ikatumiwa, kisha nikaambiwa nisubiri.

Miaka miwili iliyopita, mwenye nyumba moja ya wageni aliniagiza niandike historia ya nyumba yake. Nilikaa na wazee jioni kadhaa, nikahesabu zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chumba cha ndani moja baada ya moja, nikaeleza namna kuta zilivyojengwa kwa mawe ya matumbawe na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Kazi ilinichukua wiki tatu. Alipoipokea aliisifu, akasema malipo yatakuja msimu ukianza. Msimu ulianza, ukaisha. Siku moja nilipopita pale niliyaona maneno yangu ukutani, ndani ya daka la mlangoni, yametiwa fremu na kioo, bila jina langu, na herufi moja niliyokuwa nimeikosea ikiwa palepale nilipoiacha. Malipo sikuyapata hadi leo.

Niliposoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ndipo nilipofahamu uzito wa kosa langu mwenyewe. Sheria hiyo huihesabu haki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Mwandishi anayeagizwa kwa mdomo tu, barazani au kwa simu, huenda basi akawa ameipoteza haki yake kabla hajaandika mstari wa kwanza. Waandishi na watunzi wengi ninaowafahamu hapa hawana habari ya jambo hili, na ndilo linaloniuma zaidi.

Wapo wanaosema kwamba utungo ni karama na karama haiuzwi. Nawaheshimu, lakini historia ya mji huu haiko upande wao. Muhamadi Kijuma, aliyeishi hapa Lamu hadi alipofariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi, mwanamuziki, mchonga nakshi na mnakili wa tungo za kale. Wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann walimtegemea awanakilie tenzi kwa hati ya Kiarabu, na hati za mkono wake zimehifadhiwa London mpaka sasa. Kunakili ilikuwa kazi iliyomwingizia riziki, kama patasi ilivyomwingizia. Mikono iliyochonga mlango na iliyoshika kalamu ilikuwa ileile, na sioni kwa nini mmoja wa ujuzi huo uwe biashara na wa pili uwe sadaka.

Yako maandishi ambayo kweli hayana bei. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858, alikuwa mama mgonjwa anayemuusia mwanawe, na hakuna mwenye akili atakayezungumzia malipo hapo. Mimi pia nimewaandikia majirani dua na tanzia bila kupokea kitu, na nitaendelea. Ila aniagizaye beti thelathini ili zisomwe mbele ya wageni waalikwa, pamoja na ngoma iliyolipwa na mpishi aliyelipwa, huyo si jirani aliyefiwa. Kila mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, na kila ubeti mishororo minne. Beti thelathini ni mizani 1,920, nayo yote lazima ihesabike na vina vikae mahali pake.

Siku hizi sianzi kazi bila karatasi. Nusu ukurasa hutosha: kazi ni ipi, itakamilika lini, bei ni kiasi gani, haki itabaki kwa nani na jina langu litatajwa wapi. Nusu ya malipo huja kwa simu kabla sijaanza. Wateja watatu wameniacha kwa sababu hiyo, na mmoja aliniambia kwamba nimekuwa mgumu.

Mwezi uliopita shangazi wa bibi arusi alituma arubuni siku ileile tuliyozungumza. Baada ya siku nne alinipigia akaniomba, kwa heshima, nimwingize bibi yao marehemu katika ubeti wa mwisho. Jina lake halikukubaliana na kina nilichokuwa nimekitumia tangu mwanzo. Niliubomoa ubeti ule nikautunga upya mara mbili, usiku, na ya pili yake ndiyo iliyosomwa ukumbini. Nilikuwa nimelipwa muda wa kulitafutia jina lile mahali pake.