Siku ya Soko Shuleni: Kasoro Imo Sokoni au Imo Daftarini?

Wanaoipinga siku ya soko shuleni, siku ambayo wanafunzi hupanga meza, huweka bei na kuuza walichotengeneza, wana hoja mbili za msingi. Ya kwanza ni kwamba maandalizi hula vipindi vya masomo, na hilo halina ubishi. Ya pili ni nzito zaidi: wanasema biashara yenyewe si ya kweli, kwa kuwa mtaji hutoka mfukoni mwa mzazi, meza haina kodi, na mteja hana pengine pa kununua. Mtoto humaliza bidhaa zake mapema, akarudi nyumbani akiamini kwamba kuuza ni kazi nyepesi.

Hayo hutokea, tena mara nyingi. Hata hivyo, naona lawama imepelekwa kwa asiyehusika, kwa maana kinachodanganya hapo ni hesabu iliyoachwa nusu. Tuchukue kikundi cha wanafunzi watatu walionunua malighafi kwa 1,000, wakauza kwa 1,300 na kutangaza faida ya 300. Wakiandika nauli ya 120 na vifungashio vya 80, inabaki 100. Hiyo 100 wagawane watatu, kwa kazi ya jioni mbili na siku nzima ya kusimama mezani, na bado hawajagusa umeme na vyombo vya nyumbani ambavyo hakuna aliyewadai. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa kalamu yake mwenyewe ameelewa tofauti ya mauzo na faida kwa namna ambayo zoezi la kitabuni, lenye gharama zote zilizokwisha kuorodheshwa, haliwezi kumpa. Kutafuta gharama iliyojificha ndiyo sehemu ngumu ya biashara, na kitabu humfanyia kazi hiyo kabla hajaanza.

Wapinzani hupenda kutaja utafiti wa Oosterbeek, van Praag na Ijsselstein, uliochapishwa mwaka 2010, kuhusu wanafunzi wa chuo nchini Uholanzi walioendesha kampuni ndogo katika mpango wa Junior Achievement, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1919. Wanafunzi hao hawakujiona wameongeza stadi za ujasiriamali kwa kiwango cha maana, na nia yao ya kuwa wajasiriamali ilipungua. Matokeo hayo husomwa kama hukumu. Lakini je, imepungua kwa sababu hawakujifunza, au kwa sababu walijifunza? Watafiti wenyewe waliona uwezekano kwamba wanafunzi walianza kuiona biashara kwa uhalisia zaidi, na kijana anayegundua akiwa bado masomoni kwamba kazi hiyo haimfai ameokoa akiba ambayo angeipoteza baadaye. Kuipima siku ya soko kwa idadi ya wafanyabiashara inayozalisha ni kutumia mizani isiyo yake. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2014, ulihusu watoto wa shule za msingi: maarifa yao ya biashara hayakuongezeka, ila uthubutu, ubunifu na ustahimilivu viliongezeka.

Kwa hiyo lawama niliyo tayari kuibeba ni ya zawadi. Shule inayomtuza aliyeuza zaidi inawafundisha watoto kuficha gharama na kuwaomba ndugu waje wanunue. Ingefaa alama zitolewe kwa daftari la hesabu lililo kamili, hata likionyesha hasara, na vikundi vyote vianze na mkopo sawa wa shule, la sivyo wenye wazazi wenye uwezo wataonekana mahiri kwa sababu ya mtaji tu. Vikundi viwili vikiuza bidhaa ileile, visitenganishwe, maana ushindani huo ndio utakaowalazimisha kufikiria bei.

Linabaki suala gumu la mkopo ambao kikundi kimeshindwa kuurejesha. Ukisamehewa, haukuwa mkopo. Ukidaiwa kwa mzazi, hasara ya mtoto inahamia kwa mtu ambaye hakupanga bei. Mimi ningependelea ukatwe kwenye faida ya darasa zima, kwa makubaliano yaliyotiwa saini kabla ya siku yenyewe, ingawa najua waliopata faida watalalamika, na malalamiko yao hayatakuwa ya bure.