Nusu kilo ya buchani, nusu kilo ya mezani

Ukiagiza kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, nusu kilo kwenye baa za Sinza au Kimara hapa Dar, kitu cha kwanza unachooneshwa ni mizani. Muuzaji anakata, anatupia kipande, anatoa kingine, namba zinatulia kwenye gramu 500, kisha anauliza: "Bosi, choma au ya kukaanga?" Baadaye sinia linakuja, na nyama imesinyaa kiasi kwamba mgeni wa mambo haya angedhani jikoni wameonja kwanza. Kwa mlaji wa kawaida habari imeishia hapo. Kwa anayepunguza mwili, anayeandika kila tonge kwenye programu ya simu, ndiyo kwanza inaanza: aandike gramu 500 alizolipia, au mia tatu na ushee zilizomfikia?

Ofisini kwetu Posta swali hili limewagawa watu wawili ninaokula nao mchana. Dada mmoja wa uhasibu anasema pima mbichi, basi. Kaka anayekaa naye dirisha moja anasema huwezi kuhesabu kitu ambacho hukukila. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wa mbichi wana hoja nzito. Nyama konda ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Moto unayatoa maji, na maji hayana kalori. Kidari cha kuku kisicho na ngozi kina kalori kama 120 kwa gramu 100 kikiwa kibichi. Kikiiva, gramu 100 zina kama 165. Kuku hakuongezewa kitu, amekauka tu. Ukipima gramu 200 za kuku aliyeiva halafu ukatumia namba ya kuku mbichi, umeandika 240 wakati umekula 330. Uzito wa mbichi hautegemei mkono wa mpishi: mmoja anaikausha nyama mpaka inalia, mwingine anaitoa ikiwa bado na majimaji. Na kwa mtu wa Dar kuna faida ya ziada, kwamba uzito wa mbichi unaupata bure, maana ndiyo tunaouziwa. (Kama mizani yenyewe inasema kweli, hilo waachie Wakala wa Vipimo.)

Hoja hiyo inasimama vizuri kwa kuku asiye na ngozi na kwa steki nyekundu. Ikikutana na nyama yenye mafuta inaanza kuyumba.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya protini ina 4. Nyama ya mafuta ikipata moto haitoi maji peke yake, inatoa na mafuta. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo programu nyingi za simu zinachota, yanaonesha nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye asilimia 20 ya mafuta kuwa na kalori 254 kwa gramu 100 ikiwa mbichi, na karibu 270 ikishachomwa. Karibu sawa! Maji yanayotoka yanaifanya kila gramu iliyobaki iwe nzito kwa kalori. Mafuta yanayotoka yanaipunguzia. Viwili hivyo vinavutana, namba inabaki karibu palepale.

Sasa tengeneza kababu za kuchoma kwa gramu 500 za nyama hiyo. Kwa hesabu ya mbichi ni kalori 1,270. Zikiiva, tuseme zimebaki gramu 350: hapo ni 945. Tofauti ni 325. Gawa kwa tisa, unapata gramu 36 hivi za mafuta, vijiko viwili na nusu vya chakula. Kaka wa dirishani anaponikumbusha hizo 325 huwa anagonga meza. Mtu anayejibana apunguze kalori 500 kwa siku, anasema, unamwandikia 325 ambazo hazikuingia tumboni. Atalala na njaa bure.

Ni kweli, kwa sharti moja ambalo yeye halitaji: mafuta yale yawe yamepotea kweli.

Juu ya wavu yanapotea. Unayaona yakidondokea kwenye mkaa, moto unaruka, moshi unakupofusha wewe uliyekaa upande wa upepo. Kwenye sufuria la rosti hayapotei hata tone. Yanaelea juu ya mchuzi, mekundu kwa nyanya, na ndiyo yale unayoyafuata kwa tonge la ugali. Ukipima vipande vya nyama peke yake hapo ukajipongeza, umejidanganya. Dada wa uhasibu ndiye mwenye haki: hesabu nyama yote ikiwa mbichi, ongeza mafuta ya kupikia (kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi), pima chakula chote kikiiva, kisha chukua sehemu yako kwa uwiano. Jinsi ya kufanya hivyo mbele ya mama mkwe aliyekupikia, sijui.

Mahali ninapopapenda ni kwenye kikaangio. Kuna siku nilisogea hadi dirisha la jiko la baa nikaangalia. Kitimoto kilikuwa kinachemka kwenye mafuta yake chenyewe, kimegeuka rangi ya kahawia. Kijana alikiokota kwa mwiko wa matundu, akakikung'utia ukingoni, mafuta yakarudi chini yakiwa mengi kuliko nilivyotarajia. Nikafurahi: yale pale, yameachwa. Kabla furaha haijakomaa akachukua ndizi zilizomenywa, akazipasua katikati, akazitumbukiza mlemle. Zikatoka zimenona. Zikaja kwenye sinia langu, chini ya nyama, pamoja na kachumbari.

Kwa hiyo yule anayepima iliyoiva ameyatoa mafuta kwa mkono wa kulia na kuyala kwa wa kushoto, na kwenye simu ameandika "ndizi".

Mifupa nayo wanaisahau wote wawili. Nusu kilo ya mchanganyiko ina mifupa ndani, iwe mbichi iwe imeiva. Ipime ukimaliza kula, uitoe. Dakika moja tu.

Jambo linalonipa shaka na kambi zote mbili ni namba zenyewe. Ile asilimia 20 inatoka kwenye nchi ambako ng'ombe wengi hunenepeshwa kwa nafaka na pakiti inaandikwa kiwango cha mafuta. Ng'ombe wetu wengi ni zebu waliokulia malishoni, wakapitia mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti, na kwa kawaida ni wakavu. Buchani hakuna anayekuandikia asilimia. Kuna "steki", kuna "mchanganyiko", na kuna kipande cha mafuta unachoongezewa mizani ifike. Tunalo jedwali letu la vyakula, lililotolewa hapa Dar mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa anayekula vya hapa ni pa kuanzia pazuri kuliko orodha za ughaibuni. Lakini nalo halijakiona kipande chako.

Ndiyo maana kwa nyama ya nyumbani nimeacha kubishana. Nachemsha, naacha supu ipoe, naiingiza kwenye friji usiku. Asubuhi mafuta ya ng'ombe yameganda juu, meupe, magumu kama mshumaa. Nayabandua kwa kijiko na kuyapima. Mara ya mwisho yalikuwa gramu 30. Mara tisa, 270, nikazitoa kwenye hesabu ya mbichi. Sikuhitaji kukisia yamekwenda wapi, nilikuwa nimeyashika mkononi.

Kwa ya baa, msimamo wangu ni huu: ikiwa choma, pima iliyoiva na utumie namba ya iliyochomwa, ikiwa rosti au ya kukaanga, andika ya mbichi yote na usijipunguzie kitu. Na kama unakwenda mara moja kwa wiki, zile 325 ukizigawa kwa siku saba hazifiki hamsini kwa siku. Soda moja inazipita karibu mara tatu, na sijamwona mtu akiisogeza soda kwenye mizani.

Jumamosi iliyopita niliomba choma, na ndizi zichomwe juu ya mkaa badala ya kukaangwa. Kijana alinitazama, akapunguza sauti: "Pole bosi. Ni sukari, au presha?"